Savannah: tukale Olde Pink House, Elizabeth on 37th au kwa Mrs. Wilkes?

Mgeni akifika kutoka nyumbani, au mtoto akivaa joho la chuo, swali huwa lile lile: tuwapeleke wapi wakaonje chakula cha Kusini mwa Marekani mahali penye heshima yake, si cha kufungiwa kwenye boksi? Kwa wanaoishi Georgia, iwe Clarkston waliko ndugu wengi wa Kongo au Marietta kwenye Wakenya tele, jibu la wengi ni kuwasha gari na kwenda Savannah, mwendo wa saa nne hivi, kama kilomita 400 kutoka Atlanta. Mji huo ulianzishwa mwaka 1733. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Jenerali Sherman wa upande wa Kaskazini lilipouingia Desemba 1864 halikuuchoma; Sherman alimpelekea Rais Lincoln telegramu akimpa mji wote kuwa zawadi ya Krismasi. Ndiyo maana nyumba za kale bado zimesimama, na baadhi yake leo zinapika.

Ukishafika, kazi ni kuchagua. Ninaozungumza nao hukwama kati ya nyumba tatu. Ya kwanza ni The Olde Pink House, jumba la rangi ya waridi lililoko kitovuni mwa mji. Ya pili ni Elizabeth on 37th, jumba tulivu lililoko kusini zaidi, mbali kidogo na msongamano wa watalii. Ya tatu ni Mrs. Wilkes Dining Room, na hapa niseme wazi: huo si mgahawa wa kifahari, wala wenyewe hawajidai. Nimeuweka kwa sababu kila anayepanga kwenda kwenye hizo mbili za mwanzo hakosi mtu wa kumwambia, "Hizo za nini, nenda kwa Mrs. Wilkes." Basi tuupime kwa vipimo vile vile tuone.

Vipimo vyenyewe ni hivi: nyumba na historia yake, kilichomo kwenye sahani, ugumu wa kupata meza, pesa itakayotoka mpaka unapofungua mlango kuondoka, miiko ya chakula, maana wengi wetu tunayo, na aina ya watu utakaokuwa nao, wazee na watoto wakiwamo. Mandhari, muziki na picha za kupandisha mtandaoni sikuvipa kipengele chake. Vinaingia humo humo.

Nyumba zenyewe

Kwa umri na kwa visa, Olde Pink House inazitangulia nyingine. Iko Reynolds Square, moja ya bustani 22 za mraba zilizobaki katika mji wa kale. Ilianza kujengwa mwaka 1771 kwa ajili ya James Habersham Mdogo, mfanyabiashara, ikanusurika moto mkubwa wa mwaka 1796. Mwanzoni mwa karne ya 19 iligeuzwa benki, na chumba cha kutunzia fedha kingalipo na milango yake ya chuma. Siku hizi kinalaza chupa za divai. Rangi ya waridi haikupangwa na mtu. Matofali yake ni laini, na wekundu wake ulikuwa ukipenya lipu nyeupe kila ilipopakwa upya, mpaka katika karne ya 20 mama mmoja aliyekuwa na mkahawa wa chai humo akachoka kushindana nao, akaipaka waridi moja kwa moja. Mgahawa wa sasa ulianza mwaka 1971.

Ndani usitarajie ukumbi mmoja. Ni vyumba vingi, juu na chini, kila kimoja na meza chache, picha za kuchora ukutani na sakafu za mbao za kizamani. Chini ya ardhi kuna Planters Tavern, dari fupi, meko mbili za kuotea moto, na piano jioni. Nikiambiwa nichague kiti popote katika nyumba hizi tatu, nitateremka huko.

Kuna jambo ambalo menyu haitakuambia. Baba yake Habersham huyo, naye akiitwa James, alikuwa miongoni mwa waliosukuma koloni la Georgia liruhusu utumwa. Waanzilishi wa koloni walikuwa wameupiga marufuku, na marufuku hayo yakaondolewa mwaka 1751. Baada ya hapo mzee Habersham alitajirika kwa mashamba ya mpunga yaliyolimwa na watumwa. Wapo watakaoona hiyo ni sababu tosha ya kutokula pale. Wengine wataona ni sababu ya kuingia, kuvuta kiti na kuagiza kwa sauti. Mimi niko na kundi la pili, ila sijawahi kukutana na mtu wa kundi la kwanza nikamwona amekosea.

Na kuna mizimu. Savannah inauza hadithi za mizimu kama Zanzibar inavyouza karafuu, na mzimu wa Habersham ni maarufu mno mjini. Watoto watafurahi. Bibi yako anaweza kuomba aende akangoje garini.

Elizabeth on 37th ni nyumba ya namna nyingine. Ni jumba la mwaka 1900, la siku zile pesa ya pamba ingali inazunguka Savannah, na liko Mtaa wa 37, kusini ya Forsyth Park. Huoni mabasi ya watalii mlangoni. Elizabeth Terry na mumewe waligeuza jumba hilo kuwa mgahawa mwaka 1981, na mwaka 1995 Terry alipata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa eneo la kusini-mashariki, tuzo ambayo wapishi wa Marekani huiheshimu sana. Yeye aliondoka jikoni miaka mingi iliyopita, lakini jina lake limebaki mlangoni, pamoja na bustani ya viungo anavyovitumia mpishi. Vyumba vina dari ndefu, meza zimeachiana nafasi, na mtu anaweza kuongea bila kupaza sauti. Kama nyumba ya kutalii, haina mengi ya kusimulia. Kama nyumba ya kukaa saa tatu ukila, inaishinda ile ya waridi.

Kwa Mrs. Wilkes ni Jones Street, mtaa wa nyumba za matofali chini ya miti mikubwa ya mwaloni. Nyumba ni ya mwaka 1870. Ilikuwa ya wapangaji, wale waliolipia kitanda na chakula pamoja, na Sema Wilkes aliishika mwaka 1943. Alifariki mwaka 2002, miaka miwili baada ya mgahawa wake kutunukiwa na James Beard Foundation kama moja ya migahawa ya kale inayopendwa ya Marekani, na familia yake ikaendelea. Rais Obama alikula hapo Machi 2010. Chumba cha kulia chenyewe hakina makuu, ni meza ndefu na viti. Anayetaka kuona dari zilizonakshiwa asije huku.

Sahani

Mtu wa Afrika Mashariki haingii kwenye chakula hiki mikono mitupu. Kolada zao na sukuma wiki yetu ni mmea mmoja. Kunde ni kunde. Bamia ni bamia, na vyote viwili vilivuka bahari pamoja na Waafrika. Ufuta wanautia kwenye biskuti nyembamba za kutafuna. Griti ni mahindi yaliyopazwa, yakapikwa polepole mpaka yakawa mazito, laini kuliko ugali, mazito kuliko uji. Ukipewa na kamba na mchuzi wa siagi utasahau ubishi wa jina. Na mchele ndio kisa kikubwa. Pwani hii ya Georgia na South Carolina ilitajirishwa na mpunga, na waliojua kuulima kwenye maji ya mito inayopanda na kushuka na bahari walikuwa watu waliotekwa kutoka Sierra Leone na nchi jirani. Wajukuu wao ndio Gullah Geechee wa visiwa na pwani hiyo hadi leo, na wali mwekundu wa Savannah, unaopikwa ndani ya nyanya mpaka kila punje ikashika rangi, umetoka jikoni kwao. Ukiuonja utaona undugu wake na wali wa nyanya wa Senegal.

Sasa kila nyumba inafanya nini na urithi huo?

Olde Pink House inapika vile vinavyojulikana na kuvivisha nguo za sherehe. Sahani inayojulikana zaidi ni flounder, samaki bapa wa jamii ya gayogayo, anayeletwa mzima, amechanjwa mirabaraba, akakaangwa mpaka akakauka nje na kubaki laini ndani, juu yake mchuzi wa aprikoti wenye utamu. Kuna supu ya kaa iliyotiwa krimu, nyanya za kijani za kukaanga, kamba na griti, kuku aliyepakwa pekani, aina ya njugu. Sahani ni kubwa, na ladha imeegemea utamu na siagi. Ni chakula cha kumpendeza karibu kila mtu mezani, hata mjomba asiyependa majaribio. Anayekula kwa kuchambua ataona utamu umezidi kidogo mahali mahali, na mimi nitakubaliana naye.

Elizabeth on 37th inapika kwa mkono mwepesi. Terry alichimbua mapishi ya zamani ya Savannah, na jiko likaendelea kujenga juu ya hapo: wali mwekundu wenye pilipili na kamba wa Georgia, chaza wa pwani jirani, keki ndogo za kunde, samaki wa msimu, majani na maua kutoka bustanini. Unaweza kuagiza sahani moja moja, au ukaliachia jiko likuletee msururu wa sahani ndogo za kuonja. Hapa ndipo kunde, ambazo nyumbani tumezoea kuzila Jumanne bila kuzitazama, zinaletwa kwenye sahani nyeupe na kuzungumziwa kwa heshima. Wengine watasema ni maringo. Binafsi nafurahi kuona kunde zimekaa kiti cha mbele. Kasoro kwa watu wetu ni kipimo: mwenye njaa ya safari ataitazama sahani, kisha amtazame aliyemleta.

Mrs. Wilkes hana menyu. Unaketi, na bakuli zimekwisha jaa mezani: kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, sukuma wiki, kunde, bamia, wali mwekundu, maharage meupe makubwa, viazi vitamu vilivyopondwa, makaroni na jibini, na nyinginezo kulingana na siku. Kila mtu anajipakulia na kumpitishia jirani. Bakuli ikiisha, inajazwa. Kuku wake ni mkavu nje, na maji maji ndani, bila pambo lolote. Kwa kuku, hizo nyumba mbili za kifahari hazimfikii. Lakini mboga hupikwa mpaka zikalegea kabisa, kwa namna ya kizamani, na mtu aliyezoea sukuma wiki ya dakika tano atashangaa. Mwisho wa mlo kuna kitindamlo, kisha unabeba sahani yako mwenyewe kuipeleka jikoni, kama ulivyofundishwa.

Kupata meza

Olde Pink House hujaa, hasa Machi na Aprili, Krismasi, na wikendi za mahafali. Weka nafasi wiki kadhaa kabla. Ukikosa, usikate tamaa: Planters Tavern kule chini hupokea watu wasio na nafasi, anayewahi ndiye anayekaa, na chakula ni kile kile cha juu. Ukifika mapema jioni, kabla watu hawajaanza kumiminika, una bahati nzuri zaidi.

Elizabeth on 37th ni ya usiku tu. Nafasi huwekwa pia, lakini kwa siku za katikati ya wiki huhitaji kuhangaika miezi kabla. Ukiwa na gari, huko kusini ni rahisi zaidi kupata pa kuliegesha kuliko Reynolds Square.

Mrs. Wilkes ni mchana, na hakuna kuweka nafasi. Kuna foleni, na foleni hiyo hujipinda mtaani hata kabla ya mlango kufunguliwa. Savannah ya Julai ina joto na unyevu wa Mombasa bila upepo wa bahari, kwa hiyo chukua maji na kofia. Kwa desturi hufunga Januari. Aliyepanga safari ya Jumamosi na Jumapili peke yake anaweza kufika akakuta mlango umefungwa. Angalia siku zao kwanza kabla hujaahidi mtu.

Pesa

Kwa mpangilio: Elizabeth ndiyo ghali zaidi, Olde Pink House inafuata, Mrs. Wilkes iko chini sana. Kwa Mrs. Wilkes kila mtu analipa kiwango kimoja na anakula mpaka ashibe. Kwa Elizabeth, sahani moja kuu peke yake inaweza kuzidi kiwango hicho, na bado hujaagiza cha kuanzia, kinywaji wala kitamu. Olde Pink House unaweza kuibana: watu wawili wakigawana cha kuanzia, kila mmoja akachukua mlo mkuu, bili haitishi.

Kinachowashtua wageni ni nyongeza. Kodi ya mauzo Savannah ni asilimia 7. Juu yake kuna bakshishi, na hapa naomba tusikilizane. Sheria ya shirikisho, ndiyo inayotumika Georgia, inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, akitarajiwa kupata kilichobaki kutoka kwa wateja. Kwa hiyo asilimia 18 au 20 unayoacha ndiyo mshahara wake, si ukarimu wako. Asiyeweza kuimudu aichague nyumba ya bei ya chini, asiikate kwa mhudumu. Kundi likiwa kubwa, kuanzia watu sita hivi, migahawa mingi huiweka yenyewe ndani ya bili, basi isome kabla ya kuongeza tena.

Mavazi si gharama kubwa. Suruali ya heshima na shati vinatosha kote. Elizabeth watu huvaa vizuri zaidi kidogo. Kitenge kilichoshonwa vizuri au kanzu safi haina pa kuonewa soni katika nyumba hizi. Kwa Mrs. Wilkes njoo ulivyo.

Wenye miiko

Hapa ndipo uamuzi wa familia nyingi unapoangukia, na waandishi wengi wa mambo ya mlo hawapagusi.

Katika jiko la Kusini, nguruwe ni nyama, lakini pia ni kiungo. Sukuma wiki huchemshwa na kongoro la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Maharage na kunde vivyo hivyo. Wali mwekundu hutiwa soseji au bekoni. Mchuzi wa kamba na griti mara nyingi huanzia kwenye mafuta ya bekoni. Hata vile vimkate laini vinavyoletwa na siagi vinaweza kuwa vimekandwa kwa shahamu ya nguruwe. Kumwambia mhudumu "sili nguruwe" hakutoshi, kwa sababu atakuondolea kipande na kukuachia mchuzi. Uliza kila kitu kimepikwa na nini, na samaki amekaangwa kwenye mafuta gani. Pombe nayo hujificha: supu ya kaa kwa kawaida hutiwa sheri, na michuzi ya vitindamlo hupenda wiski ya bourbon. Hakuna kati ya nyumba hizi tatu inayojitangaza kuwa ya halali, kwa hiyo Mwislamu anayeshika hilo kwa nyama atabaki na vya baharini na mboga zilizoulizwa.

Kwa Msabato hesabu ni tofauti: nguruwe hapana, na kamba, kaa na chaza pia hapana, jambo linalofuta nusu ya fahari ya pwani hii. Flounder ana mapezi na magamba. Samaki huyo wa Olde Pink House anawatosheleza Msabato na Mwislamu kwenye meza moja, mradi mafuta na mchuzi vimeulizwa.

Kwa kipengele hiki Elizabeth na Olde Pink House zina nafuu, kwa kuwa sahani hutengenezwa ukishaagiza na jiko linaweza kubadili. Piga simu siku moja kabla, useme yote. Mrs. Wilkes hapiki kwa kuagizwa. Kila kitu kiko tayari. Unachoweza ni kuuliza bakuli lipi lina nguruwe na kulipita. Anayekula kila kitu atafurahi kuliko wote. Mwenye mwiko mkali atabaki na viazi vitamu na mkate wa mahindi huku akitazama wenzake.

Utakaokuwa nao

Nyumba za kale zina ngazi. Olde Pink House ina ngazi za kuingilia, za kwenda juu na za kuteremka taveni, na mzee mwenye magoti mabovu atazihesabu zote. Ukiweka nafasi, eleza hali yake na uombe chumba cha karibu. Piga simu ya namna hiyo kwa nyumba zote tatu.

Watoto wadogo wanakubalika zaidi kwa Mrs. Wilkes, ambako kelele ni sehemu ya mlo na hakuna kungoja chakula. Olde Pink House inawavumilia. Elizabeth, kwa ukimya wake na urefu wa jioni yake, sitampeleka mtoto wa miaka minne. Atachoka yeye, wazazi na meza ya jirani.

Kuna tofauti nyingine ambayo hugeuza mawazo ya watu. Kwa Mrs. Wilkes meza ni ya watu kumi, na kama nyinyi ni wanne, wengine sita ni wageni msiowajua: mzee kutoka Ohio, wenzi wa fungate, mwanafunzi. Mtapitishiana kuku. Mtaulizwa mnatoka wapi, na jibu "Bukavu" au "Tanga" litazaa maswali mpaka kitindamlo. Wapo wanaolipenda hilo kuliko chakula chenyewe. Lakini kama mlikuja kuzungumza mahari, au kumtuliza ndugu aliyefiwa, meza hiyo si yenu.

Uende wapi, basi

Kama ni posa, kumbukumbu ya ndoa, au mazungumzo ya watu wawili yanayohitaji utulivu, Elizabeth on 37th ndiyo yenye nafasi na muda wa kuyabeba. Ni hapo hapo kwa mtu anayependa kupika na anataka kuona chakula cha watumwa na cha mabwana kinavyoweza kufikiriwa upya bila kufutwa asili yake. Mle kidogo mchana wake, lakini msifike na njaa ya mkulima.

Wazazi waliokuja kwa mahafali na wanaotaka kuona "Amerika ya kale", wapige picha mbele ya jengo, wakale samaki mzima mwenye mwili wake, watapenda Olde Pink House. Pia kundi lenye ladha mchanganyiko, ambalo mmoja hali hiki na mwingine hapendi kile, litapata la kumridhisha kila mtu. Mkishindwa kupata nafasi, mtume kijana mmoja mapema akashike meza kule taveni. Na anayeona uzito wa jina la Habersham kooni asilazimishwe kwa sababu tu ya rangi ya ukuta.

Familia yenye watoto, bajeti ya kukaza, au mgeni anayetaka kuonja kila kitu mara moja bila kujua aagize nini, aende Jones Street. Kadhalika wapweke: msafiri wa peke yake hana meza nzuri kuliko ile, maana kwenye mgahawa wa kifahari mtu mmoja huwekwa kona, na hapa anawekwa katikati ya watu tisa. Wenye miiko mikali tu ndio ningewaelekeza kwingine.

Kwa mwenye siku mbili mjini, Ijumaa na Jumamosi, mpango unaokubalika ni Mrs. Wilkes Ijumaa mchana na moja ya hizo mbili Jumamosi usiku. Usijaribu kuziweka siku moja. Anayetoka kwa Mrs. Wilkes saa saba mchana hatakuwa na njaa saa moja usiku, na sahani ndogo za Elizabeth utazilipia bei kamili ukiwa umeshiba kuku.